Sanduku la Kufuli Tatu

IJUMAA, SAA 3:20 ASUBUHI

Stoo ya nyuma ya duka la Ameir ilinuka nazi kavu na mafuta ya taa. Wanaume wanne walikaa juu ya magunia. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa bati. Kila mtu alikuwa anatoka jasho isipokuwa Ameir, na Ameir tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuwatoa wenzake jasho.

"Narudia mara ya mwisho," alisema. "Asiyesikia ajilaumu."

Mchongo wenyewe haukuwa wa benki wala wa duka la dhahabu. Ulikuwa wa karatasi. Kila mwaka halmashauri ilitoa ruzuku kwa vikundi vinavyohudumia watu: wazee, yatima, wajane, walemavu. Kikundi kinaandika andiko, kinalitia kwenye bahasha, na bahasha inatumbukizwa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Kila kufuli ina ufunguo wake, kila ufunguo una bwana wake. Siku ya mwisho ikipita, tundu na mfuniko vinabandikwa karatasi yenye saini tatu, na sanduku haliguswi mpaka kamati ikutane.

Siku ya mwisho ilikuwa jana. Kamati ilikuwa inakutana leo, saa nane mchana.

Ameir alikuwa na kikundi chake, Tushikane Wazee. Kwenye karatasi kilikuwa kinalisha wazee sitini kule kijijini Bweni. Nusu yao walishazikwa. Walikuwa wazee wazuri sana kuwahudumia. Hawali, hawaugui, hawalalamiki. Kilichomponza ni mtendaji wa kijiji, ambaye alisoma majina, akakuta wawili aliowazika kwa mikono yake, akakataa kugonga muhuri. Mpaka Ameir anapata wafu wengine wasiojulikana sana, muda ulikuwa umekwisha.

"Taufiki. Kufuli?"

"Za kawaida. Dakika moja moja."

Taufiki alikuwa fundi wa injini za boti pale Kilindoni. Mji mzima ulijua kwamba vidole vyake havishindwi na kitu chenye skrubu. Wachache walijua kwamba havishindwi na kufuli pia.

"Na karatasi ya saini?"

"Mvuke. Wana birika la umeme mle mle ofisini. Gundi ikipata mvuke inaachia. Nikimaliza naibandika palepale, hata aliyeitia saini hatajua."

"Sadick anaingiza bahasha yetu," Ameir alisema. Sadick aliitikia kwa kidevu. Alikuwa amerudi kutoka Dar mwezi uliopita, na hakuna aliyethubutu kumuuliza nini kilimrudisha. "Mtapitia dirisha la nyuma, komeo lake bovu. Matano anakaa mbele na bodaboda yake kama anasubiri abiria. Akiona mtu anapiga simu. Ikitetemeka tu, mnatoka. Saa hiyo mji mzima uko msikitini, na mlinzi yuko msikitini."

"Na wewe?" Matano aliuliza.

"Safu ya kwanza. Nyuma ya imamu."

Matano akacheka. Taufiki hakucheka.

"Nina neno," alisema. "Bahasha ya Bi Mwanamkuu isiguswe."

Wote walijua habari ya Sabra, binti wa Taufiki wa miaka minane, aliyezaliwa viungo vimekakamaa. Mama yake alifariki Sabra akiwa na miaka mitatu. Tangu hapo Taufiki alikuwa akimlaza mkekani, anafunga mlango kwa nje, anakwenda karakana. Akirudi anamkuta amelowa, amelia mpaka sauti imekauka. Jambo hilo lilimuumiza kuliko kifo cha mkewe, na aliona haya kulisema. Halafu Mwanamkuu akafungua kituo nyuma ya soko, kwa ruzuku hiyo hiyo, akakusanya watoto kumi na wanne wa namna ile. Sasa Sabra alikuwa anashika kijiko. Ruzuku ikikatika, kituo kinafungwa, na Sabra anarudi nyuma ya mlango wa kufuli.

"Wallahi," Ameir alisema, mkono kifuani. "Tunaingiza, hatutoi. Tena mambo yakijibu, mwanao nampeleka mwenyewe Dar, kwa daktari wa viungo. Mimi na wewe si watu wa jana."

Taufiki akaamini. Mwenye shida haulizi kiapo kimetoka wapi.

SAA 6:41 MCHANA

Komeo lilikuwa bovu kweli. Sadick alitangulia, Taufiki akafuata na mfuko wake wa zana. Ofisi ilikuwa na meza mbili, kabati, na viti vya plastiki vilivyopangwa kwa ajili ya kamati. Sanduku lilikuwa juu ya meza kubwa, limepakwa rangi ya kijani.

Birika likachemka. Taufiki aliinamisha mdomo wake, mvuke ukapita juu ya karatasi polepole, akainyanyua kwa ubapa wa wembe, sentimita kwa sentimita. Ilitoka nzima. Aliitandaza kwenye mgongo wa kiti ikauke. Alijivunia, Mungu amsamehe. Kazi nzuri ni kazi nzuri.

SAA 6:53

Kufuli ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa na kutu, ikabisha kidogo, ikaachia.

Nje, barabarani, zikapita sauti za wanaume wengi. La ilaha illallah. La ilaha illallah. Jeneza lilikuwa linapelekwa msikitini kusaliwa baada ya Ijumaa. Taufiki alinong'ona inna lillahi, akaendelea na kazi. Hakumfikiria Matano.

Laiti angemfikiria. Matano alikuwa jambazi, lakini alikuwa jambazi wa Kilindoni. Jeneza likipita mbele yako hukai juu ya pikipiki ukachezea simu. Watu watakuuliza umezaliwa wapi. Unashuka, unatia bega, unakwenda hatua chache, mwenzio anakupokea. Matano alitia bega. Alikwenda hatua chache. Nyuma yake walikuwa wazee watupu, hakuna aliyekuja kumpokea, na mtu hatupi jeneza njiani. Simu ikiwa mfukoni, akalibeba mpaka barazani pa msikiti.

Barabara ya mbele ya ofisi ikabaki na pikipiki peke yake.

SAA 6:58

"Tia yetu, nifunge," Taufiki alisema.

Sadick hakutia. Alikuwa ametumbukiza mikono yote miwili ndani ya sanduku, anapekua bahasha, anasoma majina moja moja kama mtu anayechagua samaki mnadani. Akatoa moja. Akaikunja, akaitia kifuani ndani ya shati.

"Nini hicho?"

"Kazi."

"Ya nani hiyo, Sadick?"

"Funga sanduku, fundi."

"Nakuuliza ya nani!"

Sadick akamtazama bila chuki, na hilo ndilo lililomtisha Taufiki. "Wanachukua vikundi vitano. Yule mama anashinda kila mwaka. Ameir anataka nafasi, hataki mashindano. Mimi sina ugomvi na mwanao."

"Aliapa. Mbele yako aliapa."

"Wewe alikuapia. Mimi alinilipa."

Taufiki aliona mlango wa nyumba yake. Aliona kufuli yake mwenyewe, ya shaba, inaning'inia kwa nje. Hakupanga kilichofuata. Alimrukia.

Walianguka juu ya viti vya plastiki. Sadick alikuwa na nguvu, lakini mkono wa fundi wa injini si mkono wa kuuchezea. Taufiki alishika shati, akavuta, vifungo vikaruka. Kisu kikatoka. Kidogo, cha kukatia machungwa. Taufiki alikiona, akakishika. Mtu mzima alikishika kisu kwa upande wa makali, akakaza ngumi, na kwa mkono wa pili akachomoa bahasha.

"Una wazimu!" Sadick alihema. "Achia! Unajikata, we mjinga, achia!"

Hakuachia. Damu ilimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akaitupa bahasha ndani ya sanduku, akasimama mbele yake kulikinga.

Kiti chenye karatasi ya saini kilikuwa kimelala chini. Sadick alikuwa amekanyaga karatasi ile kwa kiatu, akateleza nayo. Ilikuwa imechanika vipande viwili, na saini ya katikati imekatika.

SAA 7:05

Viatu vya mwanamke kwenye korido. Ta, ta, ta.

Simu haikutetemeka.

Sadick hakupoteza hata pumzi moja. Alinyakua bahasha ya Tushikane Wazee kutoka mezani, akaruka dirisha. Ushahidi wote uliomhusu Ameir ukaondoka naye. Ndiyo maana watu wa aina ya Sadick wanalipwa vizuri.

Dirisha lilikuwa hatua tatu tu. Taufiki alilitazama. Angeweza. Lakini sanduku lilikuwa wazi, na akili yake ilikuwa imeshika jambo moja haitaki kuliachia: zikifungwa kufuli, ikabandikwa karatasi, mambo yatakuwa kama yalivyokuwa. Akafunga ya kwanza. Ya pili ikamponyoka, vidole vilikuwa vinateleza. Akaokota vipande vya karatasi, akaviweka pamoja juu ya mfuniko, akabonyeza. Kila alipobonyeza, palibaki alama nyekundu.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Safia, afisa maendeleo ya jamii, ameshika chupa ya chai na sinia la vikombe vya kamati.

"Fundi Taufiki?"

"Dada Safia," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. "Naomba dakika moja tu. Niibandike. Imo, hakuna kilichopotea, wallahi yote yamo. Dakika moja."

Sinia likaanguka.

SAA 11:15 JIONI

Kituo cha polisi, mahabusu. Mkono ulikuwa umeshonwa na kufungwa bandeji. Matano alikaa kona ya pili. Walimkamata alipofuata pikipiki yake.

"Nilishika jeneza tu," alisema kwa mara ya kumi. "Sikujua watanipa mpaka mwisho."

Taufiki alikuwa amelitaja jina la Ameir kwa askari, tena waziwazi. Askari aliliandika, akaweka kalamu chini. Ameir alikuwa safu ya kwanza, nyuma ya imamu, na baada ya Ijumaa alikwenda makaburini akashika jembe. Walimwona watu mia tatu. Sadick hakuonekana popote.

Lakini kuna kitu kilimshika Taufiki moyo usizame. Bahasha imo. Jela atakwenda, sawa, amejitakia. Imo.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Bi Mwanamkuu akaingia, Sabra kiunoni, miguu ya mtoto ikining'inia kama kawaida yake. Taufiki akasimama kwenye nondo.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu."

"Marahaba."

Mama huyu kwa kawaida alikuwa na salamu ndefu, za mpaka paka wa nyumbani. Taufiki akajilazimisha kusema.

"Walitaka kuitoa bahasha yako. Niliirudisha. Iulizie, imo."

"Najua imo. Nimeiona. Ina damu yako."

"Basi?"

Mwanamkuu akamhamishia Sabra kiuno cha pili. Mama mwenyewe alikuwa amelia, na alikuwa amemaliza.

"Kamati ilikaa saa nane. Wakasoma kanuni. Sanduku likifunguliwa kabla ya kamati, vyote vilivyomo ni batili. Si changu tu, Taufiki. Vya wote. Wajane wa Utende, yatima, wote. Safia alijaribu kututetea, akaulizwa karatasi ya saini iko wapi. Hakuna ruzuku mpaka mwaka wa fedha ujao."

Taufiki alishika nondo kwa mkono wenye bandeji.

"Ungemwacha aichukue," Mwanamkuu alisema, na hasira ikampanda hatimaye, akaisema bila kupandisha sauti. "Ningekosa mimi peke yangu. Ningekwenda kulia mlangoni kwa Safia, ningekopa, ningepika maandazi. Wenzangu wangebaki nayo, wangenishika mkono. Sasa atanishika nani?"

Askari wa zamu aligeuza uso, akajifanya anatafuta kitabu.

"Watoto nimewarudisha makwao tangu saa tisa," Mwanamkuu alisema. "Kumi na watatu. Nimewagongea mlango mmoja mmoja. Huyu ndiye nimekosa pa kumrudisha."

Sabra alikuwa amemwona baba yake. Akacheka kicheko chake cha kukwama kwama, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye nondo, abebwe.