Uvimbe Uliozikwa Bila Kupimwa

Biubwa alikuwa uani kwake Kisarawe, miaka ile ya Mwingereza, akimenya mihogo ya mchana. Alijigusa titi la kushoto, kisu kikamponyoka. Uvimbe ulikuwa umerudi.

Mwaka uliopita daktari aliutoa. Mumewe, Zahoro, akauomba, akaufunga kitambaa cheupe, akauzika nyuma ya nyumba. Kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi ovyo. Watu wakasema yamekwisha. Wapi!

Biubwa alimficha mumewe habari hiyo. Baada ya miezi miwili uvimbe ulikuwa kama chungwa, na kanga haikuuficha tena.

"Unauma?" aliuliza mama mkwe wake, Mwanakheri.

"Hauumi, mama."

"Basi si ugonjwa. Tulia."

Biubwa alitamani kuamini, akashindwa. Kila alipomtazama binti yake mdogo, Tatu, hofu ilimrudia.

Zahoro alipojua, alimpeleka kwa Mzee Isihaka, dresa wa zahanati, msaidizi wa daktari aliyetibu watu pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaupapasa uvimbe, akasikiliza habari zake. "Ule wa kwanza ulipimwa?"

"Tuliuzika," alisema Zahoro.

Mzee Isihaka akashusha pumzi. "Kuzika si kosa. Kosa ni kuharakisha. Uvimbe mwingi wa titi hauna madhara. Lakini upo mmoja, si wengi wanaoupata. Hukua upesi, mara nyingi hauumi, na huweza kurudi. Mara chache hugeuka saratani. Kwa macho hautambuliki. Lazima utazamwe kwa darubini, chombo kinachokuza vitu vidogo. Hapo daktari hujua afanye nini."

"Na wakishautazama?"

"Utauomba, utauzika."

Wakaenda Dar es Salaam. Daktari aliutoa uvimbe wote, pamoja na nyama kidogo ya pembeni isiyo na ugonjwa, asiache mabaki. Zahoro alikuwa mlangoni, mkono ameshaunyoosha kuupokea.

"Baba Tatu," Biubwa alisema kitandani, sauti haitoki vizuri, "waache waupime kwanza."

Zahoro akaurudisha mkono.

Majibu yalichukua wiki mbili. Biubwa alipika akasahau chumvi, akasali akasahau rakaa. Zahoro naye alijilaumu kwa kuuzika ule wa kwanza, akawa hali chakula.

"Ni ule unaorudi," daktari aliwaambia. "Haujageuka saratani. Na pembeni tulipokata ni pasafi. Lakini njoo kila miezi mitatu tukuangalie. Kila mwezi jipapase mwenyewe. Ukikuta kitu, usisubiri maumivu."

Biubwa alifuata. Kila safari alipanda basi akiomba dua. Safari ya nne, mwaka ukiwa umetimia, daktari alipapasa titi, akapapasa kwapa, akachukua muda wake.

Zahoro alikuwa akingoja nje.

"Wamesemaje?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa, Baba Tatu."

Zahoro akakaa chini pale pale kwenye ngazi za hospitali, mbele za watu, akalia. Mwaka mzima alikuwa akiamini kwamba amemuua mkewe kwa mikono yake.

Biubwa akamshika bega. "Inuka, mume wangu. Basi litatuacha."