Kamba ya Dirisha la Jikoni

Aliyenisimulia ni Allan, dereva tuliyekaa naye chumba kimoja Manfuha, mtaa wa sisi wafanyakazi wa kigeni, na Allan si mtu wa kutunga mambo.

Dhoruba ya vumbi ilikuwa imetangazwa. Bosi wake alikimbilia Jeddah na familia, akafunga nyumba na kuondoka na funguo. Allan akajua Velma, mfanyakazi wa ndani, amefungiwa tena. Akifungiwa, Velma huteremsha kamba dirishani apate chakula, na akitaka kingine huitikisa mara tatu.

Allan akanunua mkate, maji na dengu. Alipofika, alasiri ilishakuwa giza tupu, upepo unanguruma. Kamba ilikuwa inaning'inia. Akafunga mfuko kwenye kamba, ukapanda polepole ukikwaruza ukuta.

Simu ikalia.

"Allan, usihangaike na shopping," Velma akasema. "Madam alinibeba. Niko Jeddah tangu jana."

"Sasa nani yuko huku juu?"

"Hakuna mtu."

Akampigia bosi. Bosi akasema mafi mtu, halas, yaani hakuna mtu, yaishe, akakata. Polisi hakuthubutu kuwaita. Ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, iko kwa bosi.

Akaita kwa sauti. Kisha juu akasikia mfuko ukiraruliwa, na kamba ikashuka tena, tupu, ikatikiswa mara tatu.