Karibu Sana, Tumefurahi Kukusikia

Walikutana soko kuu la Morogoro, wote wawili wameshika kikapu kimoja cha stroberi zilizoteremshwa mlimani asubuhi ile.

"Chukua wewe, mrembo. Ila uniachie jina."

"Jina langu ghali kuliko stroberi, kaka," Judith alimjibu, akaondoka na gauni lake la kitenge cha njano, akijua fika anatazamwa.

Jumatatu akamwona tena ofisini kwao, kwenye kampuni ya mbegu ambako yeye hukaa swichibodi akiunganisha simu za wakulima. Fidelis, shati jeupe, manukato ya Dar, alikuwa ameletwa kupima kama mtandao wa kompyuta utaweza kubeba simu zote.

"Ukishabeba simu, mimi atanibeba nani?"

"Nitakubeba mimi, Judi. Jumapili nipeleke kwa mjomba wako."

Moyo haukumbakia. Kwa Waluguru posa haiendi bila mjomba, na mwanamume anayemtaja mjomba mwenyewe hafanyi mzaha.

Saa ambayo kila mtu yuko kwenye kompyuta na mtandao umelemewa, Fidelis alienda ghala la mwisho na simu ya majaribio, akampigia Judith swichibodi.

"Pokea kama unavyopokea wateja, kipenzi. Nisikie kama sauti inakatika."

"Karibu sana. Tumefurahi kukusikia."

"Rudia. Kwa utamu huo huo."

Akarudia, akamwagia mapenzi yake yote.

Ijumaa meneja, mama Magreth, alimwita. Mtandao umefaulu, swichibodi inafungwa. Simu zitajipokea zenyewe kwa sauti aliyorekodi Fidelis. Judith akampigia palepale.

"Ulijua?"

"Nilijua, mpenzi. Niliogopa ungenifukuza kabla sijafika kwa mjomba."

"Basi usifike."

"Judi, nisamehe! Nitakuoa, hutahitaji kazi ile."

"Uliniibia sauti huku unaniita kipenzi, Fidelis. Ukiniweka ndani utaniibia nini?"

Mjomba Kasiani alikuwa ameshawaita wazee pale Bigwa. Ikabidi awaombe radhi mmoja mmoja, na aibu ile Judith aliiona usoni kwake kila alipompa shikamoo.

Baada ya mwezi alipiga simu ofisini kuulizia barua yake ya utumishi.

"Karibu sana," msichana mwenye furaha akamwitikia. "Tumefurahi kukusikia."

Alikuwa yeye mwenyewe kwenye ile rekodi, bado anampenda Fidelis. Judith alilia kwa uchungu, akamkatia simu.