Wizi wa Maneno Pacha

Jumamosi asubuhi Mwalimu alivuta droo ya meza yake akakuta nusu ya kadi hazipo. Kwa miaka mingi yeye na marehemu mkewe walikusanya humo maneno ya Kihispania na ya Kiingereza yanayofanana sura, kumbe kila moja na hamsini zake: sopa, ambayo Mwingereza huiona sabuni kumbe ni supu; carpeta, ambayo huiona zulia kumbe ni jalada la karatasi. Jumatatu kadi zilitakiwa kwa mchapishaji. Bila hizo hakuna kitabu.

Mpelelezi wa polisi aliyeitwa, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake, alitazama kwanza bila kugusa. Katika kila pengo palikuwa na kipande cha utepe mwekundu. Mwizi gani huyu, akajiuliza, anayeacha alama ili kitu kijue pa kurudi?

Mwalimu alimshuku mwenzake wa shuleni, waliyembatiza Profesa. Profesa alicheka bila furaha: aibe kazi aliyokuwa akiisubiri itoke aikosoe? Mfagiaji, mwenye ufunguo wa chumba, alilia tu. Alisema droo ile hata vumbi lake haligusi, kwa ukali wa mzee. Mpelelezi aliwaamini wote wawili, na hilo lilimhuzunisha, maana nyumbani humo alibaki mtu mmoja.

Binti wa Mwalimu alipoleta chai, Mpelelezi alimwomba amtolee kamusi rafuni. Binti aliichomoa, akatoa utepe mfukoni na kuupachika kwenye pengo, mkono ukienda wenyewe.

"Nani alikufundisha hivyo, mdogo wangu?"

"Mama," akajibu, kisha akaelewa.

Hakukana. Aliingia chumbani kwake akarudi na kadi zote, zimefungwa vizuri.

"Nimechukua zenye mwandiko wa mama tu, Baba. Kwenye kitabu umeweka jina lako pekee."

Mwalimu alinung'unika kwamba mchapishaji alitaka jina moja.

"Ulimwambia mlikuwa wawili?"

Binti alimpa kadi ya juu, ambayo mama aliiandika akiwa kitandani hospitalini, herufi zikiyumba. Mwalimu aliisoma kwa sauti.

"Recordar. Kiingereza kina neno la sura hii, la kunasa sauti kwenye mashine. Hili maana yake ni kukumbuka."

Machozi yalimshinda. Mpelelezi aliuliza kwa upole aandike nini kituoni.

"Andika mwizi amepatikana," Mwalimu alisema. "Ni mimi."