Barua Ambazo Shemeji Hakuzifungua

Nina umri wa miaka arobaini na moja, nina mke na watoto watatu, na ninaendesha duka la steshenari hapa Korogwe. Wateja huniita fundi. Jina hilo nililipenda mno... siku hizi nikiitwa hivyo natamani ardhi ipasuke!

Dada yangu Mwajuma aliolewa Kang'ata, kule Handeni. Mumewe, shemeji Salehe, alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima, mtu wa kuandika na kutunza kila kitu. Alipofariki, hata arobaini haijafika, mdogo wake Rajabu akaanza kusema shamba la machungwa ni mali ya ukoo, mjane arudi kwao.

Uongo mtupu! Rajabu huyohuyo, zamani akiwa Dar, alimwandikia kaka yake barua pepe akikiri kwamba shamba Salehe alilinunua mwenyewe. Dada aliisoma kwa macho yake. Hati ya mauziano ilishaliwa na mchwa, na anwani ya barua pepe ya marehemu ilishafungwa. Barua zilibaki ndani ya kompyuta yake tu.

Dada akapanda basi kuja Korogwe, kompyuta ameifunga kwenye khanga. Akaniambia ile ni amana, nizitoe barua niziweke mahali salama mpaka siku ya shauri la shamba.

Niseme kweli, wasomaji wenzangu... kompyuta ile nilikuwa naitamani siku nyingi.

Programu ya shemeji ilihifadhi barua zote ndani ya faili moja kubwa, moja nyuma ya nyingine. Kuna mtindo wa pili, kila barua na faili lake ndani ya folda. Nikachagua huo. Nilijiambia faili moja likiharibika, zote zimekwenda. Hapo sikukosea, maana nilizibadilisha humohumo kwenye kompyuta na zikakaa sawa.

Balaa lilikuja nilipozinakili kwenye flashi. Katika mtindo ule, barua iliyokwisha kusomwa huongezewa alama kwenye jina la faili, na alama hiyo hutanguliwa na nukta mbili zilizopandana. Flashi yangu haikubali jina lenye nukta hizo. Kompyuta ikanionya kwamba faili halinakiliki. Ikanionya tena, na tena... Wateja walikuwa wamejaa, mmoja ananihimiza picha zake za pasipoti. Nikabonyeza kitufe cha "ruka zote"!

Nilipochungulia, folda zilikuwepo na majina yake. Nikaridhika.

Mchana uleule dada akapiga simu, keshafika kwake Kang'ata. Baada ya salamu akaniuliza, "Umezifungua ukazisoma?"

Nikamwambia nimezisoma zote. Kwa nini nilisema vile? Sijui... labda ufundi ulinipanda kichwani. Nikaomba nibaki na kompyuta. Akasema kama barua ziko salama, basi nichukue.

Kabla ya kufunga duka nilishaifuta yote, nikaiwekea mfumo mpya.

Zikapita wiki. Dada akanisimulia kwamba Rajabu anazunguka shambani na watu, wanapaka michungwa rangi nyekundu kuonyesha ni yao. Yeye hakuwa na wasiwasi, alisema ushahidi uko kwa mdogo wake Korogwe. Mara tatu niliishika ile flashi ili niitazame, mara tatu nikairudisha kwenye droo. Nilikuwa naogopa nini, kama si kwamba moyo ulishajua?

Siku ya shauri, mbele ya baraza la ardhi, karani akaichomeka. Akafungua folda ya kwanza, ya pili... Barua zilikuwa tisa tu! Zile ambazo shemeji hakuwahi kuzifungua hazikuwa na alama, ndizo pekee zilizovuka; ile ya Rajabu, iliyokwisha kusomwa, haikuwemo. Nane zilikuwa matangazo ya mbegu na dawa za wadudu.

Ya tisa ilitoka kwangu. Niliituma wiki aliyolazwa. Karani akaisoma kwa sauti: "Shikamoo shemeji. Najua hali si nzuri. Ile kompyuta usije ukampa mtu mwingine, unikumbuke mimi."

Rajabu akainamisha uso. Dada hakulia. Alinigeukia, akasema polepole, "Kumbe ulikuwa unamsubiri afe."

Shamba likaenda. Mafundi wa Tanga waliihangaikia kompyuta, wakasema mfumo mpya umeshafunika barua zote za zamani. Dada sasa anaishi kwa binti yake Kwaluguru, na simu zangu hapokei. Nilimpelekea kompyuta. Ilirudi kwa basi, imefungwa kwenye khanga ileile.

Nawasihi, ndugu zangu... ukihamisha barua za mtu, fungua hata moja uisome mpaka mwisho, ndipo ufute za zamani. Na ukiulizwa kama umesoma na hujasoma, sema hujasoma. Dada yangu aliponiuliza, kompyuta ilikuwa bado haijafutwa.