Tumbo la Kaloleni Lafika Bungeni

Mfereji wa laini yao ya nyumba ulikuwa na tabia zake. Siku ya zamu yao ya maji ulikohoa kwanza, ukatema hewa, kisha ukatoa maji ya rangi ya chai. Akina mama wa Kaloleni hawakushtuka. Waliyaacha yamwagike kidogo. Yalipoanza kung'aa walikinga mitungi yao, wakaenda zao.

Triza alikuwa mmoja wao. Watu walimwita Mama Lorine, kwa jina la binti yake wa miaka miwili. Mumewe, Job Wasike, alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni kule Viwandani. Triza mwenyewe alikuwa na kibanda cha chakula karibu na barabara. Alipika chapati na maharagwe, akakata kachumbari, akaweka jagi la maji ya kunywa mezani. Mafundi na wapakiaji mizigo walimpenda kwa sababu chapati zake zilikuwa nene na mdomo wake ulikuwa mwepesi. Mteja aliyelalamikia pilipili alitaniwa mpaka akaomba nyingine.

Mvua zilipoanza, watoto wa laini ile walianza kuharisha. Leo wa nyumba hii, kesho wa nyumba ile. Watu waliuita ugonjwa huo "tumbo" tu. Walinunua vidonge dukani, mtoto akapata nafuu, kisha akaanza tena. Hatimaye zamu ya Lorine ikafika.

Jirani yake wa mlango wa pili, Ruqiyo, aliona nepi nyingi kwenye kamba. Ruqiyo aliuza nguo sokoni, na binti yake Idil alikuwa ameugua wiki iliyopita.

"Mama Lorine, huyu pia?"

"Tangu jana. Anaendesha maji tupu."

"Mpeleke kwa Daktari. Si ndiye mjumbe wetu siku hizi?"

Wazo hilo lilikuwa la watu wengi. Daktari Nthoki alikuwa amewatibu watu wa mtaa huo miaka mingi katika kituo cha afya cha serikali. Kisha aligombea kiti, akashinda, na sasa aliwakilisha wadi yao katika bunge la kaunti. Waliompigia kura waliona mambo ni rahisi. Ukiwa na daktari bungeni, dawa haiwezi kuwa mbali. Kwa hiyo benchi la nje ya ofisi yake lilijaa wagonjwa, na mtu mwenye shida ya barabara alikosa pa kukaa.

Daktari Nthoki alimpakata Lorine. Alimtazama macho na mdomo. Alifinya kidogo ngozi ya tumbo, akaiachilia.

"Ngozi inarudi haraka," alisema. "Bado ana maji ya kutosha mwilini. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ile ORS. Changanya na maji yaliyochemka na kupoa, kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Usimnyime chakula. Na umpeleke kituo cha afya leo."

"Sasa niandikie dawa, Daktari."

"Hapa siandiki dawa, mama. Pale kituoni watampima, na watamwandikisha."

"Lakini tulikuchagua kwa sababu wewe ni daktari," Triza alisema. Alikuwa ameumia, na hakuficha.

"Mlinichagua, na ninashukuru. Lakini wewe si mama wa kwanza leo mwenye shida hii. Nyote mnatoka laini moja. Nikikaa hapa nikitibu mmoja mmoja, nani atalitazama lile bomba?"

"Bomba gani?"

"Bomba lenu la maji ni la zamani sana, na limepita karibu na bomba la maji taka. Yote mawili yana nyufa. Maji yakikatwa, bomba linabaki tupu, na uchafu wa nje unaingia ndani. Siku ya maji, uchafu huo ndio unawafikia kwanza. Hata yakionekana safi, wadudu wa magonjwa wamo. Wiki hii nitauliza jambo hilo bungeni."

Triza aliitikia kwa kichwa. Alitoka ofisini, akapita njia ya kituo cha afya bila kugeuka, akaenda duka la dawa.

Hakuwa mama mzembe. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilijulikana na kila aliyeuza chakula pale. Kituo cha afya kikisikia watu wengi wanaharisha, maafisa wa afya hutumwa. Maafisa wakija, hutazama vibanda kwanza. Maurine, aliyekaanga samaki kando ya kibanda cha Triza, alikuwa amewaambia wenzake wote jambo hilo.

"Mtoto akiendesha, maliza hapa hapa kwa kemisti," alisema. "Ukimpeleka huko kwa serikali, utatufungia sote."

Kwa hivyo watu wa laini ile waliugua kwa siri. Mwenye duka la dawa alimuuzia Triza dawa ya kuzuia kuharisha bila kumwona mtoto. Lorine akakaa siku nzima bila kuchafua nepi. Triza akafurahi.

Wiki iliyofuata Daktari Nthoki aliita mkutano katika ukumbi wa mtaa. Watu walikuja wengi, maana walitarajia habari njema. Triza alikaa na Job karibu na mlango. Daktari alisimama bila karatasi mkononi, na hakuanza kwa salamu ndefu.

"Nilisimama bungeni nikasema watoto wa Kaloleni wanaharisha kwa sababu ya maji," alisema. "Nilijibiwa kwamba kituo cha afya hakijaripoti ongezeko lolote. Kwa rekodi zao, nyinyi ni wazima kabisa. Bomba lenu litasubiri zamu yake."

Watu wakacheka. Walikuwa wazima gani hao?

Job aliinuka. "Si ungewaambia umeona kwa macho yako? Wewe ni daktari."

"Niliwaambia, Baba Lorine. Nilidhani neno la daktari linatosha. Halikutosha, na kusema kweli niliona aibu. Kule wanataka ripoti. Ripoti inatoka kituoni, na kituo hakiwezi kumwandika mgonjwa asiyefika. Mnapomalizia kwa kemisti, ugonjwa wenu hauko popote. Serikali haiwezi kuchimba barabara kwa ajili ya ugonjwa usiokuwepo."

Maurine alisema kutoka nyuma, "Mheshimiwa, sema ukweli. Tukienda huko, maafisa hawatakuja kufunga vibanda?"

Mwanasiasa mwingine angepata jibu tamu. Daktari Nthoki alimjibu wazi.

"Watakuja. Na baadhi ya vibanda vitafungwa mpaka maji yawe salama. Siwezi kuwaahidi vinginevyo."

Ukumbi ulianza kuwa mtupu kabla hajamaliza. Triza aliondoka na hasira. Kibanda chake ndicho kilichowalisha Job alipopunguzwa kazi mwaka uliopita, na sasa mtu waliyempa kura alitaka aende kukifungisha mwenyewe.

Asubuhi moja baada ya hapo, Lorine aliamka akilia. Tumbo lilikuwa limerudi kwa nguvu. Triza alichukua kitambaa ampanguse machozi, na kitambaa kikabaki kikavu. Mtoto alikuwa analia bila machozi. Midomo ilikuwa mikavu na macho yalikuwa yameingia ndani. Triza alimfinya ngozi ya tumbo kama alivyoona Daktari akifanya. Ngozi ikabaki imesimama kama unga uliokandwa. Hofu ikamshika mwili mzima, na kibanda kikamtoka akilini.

Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka. Ruqiyo alikuwa mlangoni.

"Unampeleka wapi?"

"Kituo cha afya."

"Ngoja nivae. Idil ameanza tena."

Walipopita barabarani, Maurine alikuwa anawasha jiko. Aliwatazama, akaelewa.

"Mama Lorine, kemisti iko huku."

"Naijua."

"Fikiria kwanza. Watatufungia."

"Wafunge," Triza alisema, na hakusimama.

Kituoni tabibu hakumwacha apange foleni. Alijaribu kumpa Lorine ORS kwa kijiko, lakini mtoto alikuwa mlegevu mno kumeza. Wakamwekea maji ya mshipa. Tabibu alichukua choo kidogo kikapimwe. Kisha akauliza mtoto alikuwa amepewa dawa gani, na Triza akamwonyesha.

"Hii inafunga choo tu," tabibu alisema. "Haiui wadudu, na kwa mtoto mdogo ni hatari. Anayeharisha anapoteza maji na chumvi. Hivyo viwili ndivyo tunavyorudisha kwanza. Halafu tunampa vidonge vya zinki, na unavimaliza hata akipona. Ukiona macho yameingia, mtoto analegea, hanywi, au analia bila machozi, usingoje hata saa moja."

Kisha akavuta kitabu chake. "Mnatoka sehemu gani? Kuna wengine wanaougua?"

Triza alijua jibu hilo lingempeleka wapi. Angeweza kusema mtoto alikula kitu kibaya safarini. Alimtazama Lorine kitandani, mrija mkononi, mkono wenyewe mdogo kuliko kijiko cha kupakulia maharagwe.

"Kaloleni," alisema. "Laini yetu yote ni wagonjwa. Tunatumia mfereji mmoja. Na mimi nauza chakula hapo hapo."

Ruqiyo akaongezea majina ya nyumba alizojua. Jioni ile, Job alipotoka kazini, alipita nyumba hizo moja moja akiwaambia watu wapeleke watoto kituoni. Wengine walimfungia mlango. Wengi walikwenda, maana habari za mtoto kuwekewa maji zilikuwa zimewatisha kuliko maafisa.

Maafisa wa afya walikuja kama Maurine alivyosema. Walichukua maji ya mfereji kwenye chupa. Walichukua pia maji ya jagi la Triza. Majibu yalipotoka, maji ya mfereji na ya jagi yote yalikuwa na uchafu wa choo.

"Chapati zako hazina kosa," afisa alimwambia Triza. "Moto umeua wadudu. Ni jagi hili, na hii kachumbari uliyoiosha kwa maji mabichi."

Triza alitazama chini. Kwa muda mrefu alikuwa anawamiminia wateja wake maji yale huku akiwatania. Aliona aibu kubwa kuliko hasara.

Vibanda vya laini ile vilifungwa. Maurine aliacha kumsalimia. Gari la maji lililetwa, na akina mama walifundishwa kuchemsha maji mpaka yatokote vizuri, au kuyatia dawa ya maji na kungoja kabla ya kunywa. Lorine alirudi nyumbani akiwa mwembamba, lakini alikuwa ameanza kugombania kijiko.

Daktari Nthoki alirudi bungeni na ripoti ya kituo. Safari hii Triza na Job walikaa juu, mahali pa wananchi. Triza alielewa maneno machache, kwa sababu waheshimiwa walisemezana Kiingereza kwa muda mrefu. Kisha Daktari alisema kwa Kiswahili, polepole, kwamba miongoni mwa waliolazwa alikuwemo mtoto wa kike wa miaka miwili. Hakutaja jina. Triza akashika mkono wa mumewe. Safari hii hakuna aliyemuuliza Daktari ushahidi uko wapi.

Mafundi walifika wakachimba. Walikuta bomba la maji limelala ndani ya tope la maji taka, limeoza upande mmoja. Watu walisimama kando ya shimo wakatazama, kila mmoja akikumbuka alichokuwa akinywa. Bomba jipya lilipitishwa mbali na lile la maji taka, na nyufa za lile la maji taka zikazibwa. Wauza chakula walipimwa, wakapewa vyeti, na vibanda vikafunguliwa. Watoto wa laini ile wakaacha kupokezana ugonjwa.

Siku ya kwanza wateja wa Triza walirudi na maneno yao.

"Mama Lorine, si wewe ulifungiwa kwa kuwaendesha watu matumbo?" mpakiaji mmoja aliuliza.

"Ni mimi. Sasa nimepimwa, na maji yangu yamechemshwa. Wewe ulipimwa lini?"

Benchi zima likamcheka mpakiaji, naye akasogezewa sahani.

Saa ya chakula ilikuwa imepamba moto Triza alipomwona Maurine amesimama karibu na jiko. Hawakuwa wamesemezana tangu vibanda vifungwe. Maurine alikuwa amembeba mjukuu wake, aliyekuja kumtembelea kutoka mtaa wa Kariobangi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala begani.

"Amefika hivi asubuhi," Maurine alisema kwa sauti ya chini. "Anaendesha. Nilikuwa naenda kemisti."

Triza alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, akaingoja. Kisha akafunika sufuria ya maharagwe, akavua aproni. Wateja wakamtazama, wengine sahani zikiwa bado tupu.

"Jipakulieni," aliwaambia. "Anayetaka kuondoka, aende. Mimi namsindikiza Maurine kituoni."