Nilimpa Ufunguo wa Biblia ya Ukoo

Nina miaka hamsini na minne, mjane, mzaliwa wa Tanga. Naandika kwa Kiswahili makusudi, maana niliyemkosea hakijui. Mnaona nilivyo mwoga?

Nilikuja Johannesburg na marehemu mume wangu, Msauzi aliyeishi kwetu miaka ya ukimbizi wao. Alipofariki, ndugu zake walinitoa nyumbani hata eda haijaisha! Nikapata kazi Parktown, kumtunza bibi wa Kizungu wa miaka tisini tuliyemwita Ouma, yaani bibi kwa Kiafrikana. Nikapewa chumba cha uani, nikakaa humo na binti yangu.

Ouma alikuwa wa ukoo wa Valdrey. Mababu zao walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia kuteswa kwa ajili ya dini yao. Wakafika Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa, wakapanda mizabibu, wakanunua watumwa... Watu waliokimbia mateso! Baadaye wakawa wafanyabiashara wa mvinyo na vitambaa, na dhahabu ilipopatikana wakahamia huku. Picha zao zilijaa ukutani, wote wamebana midomo. Kila nilipozipangusa vumbi nilitamani kutoka haraka chumbani humo.

Kabatini mwa Ouma kulikuwa na Biblia kubwa yenye vifungo vya shaba. Kurasa za mbele ziliandikwa majina ya watoto wa ukoo. Kurasa za nyuma, tena kwa kuigeuza Biblia juu chini, waliandikwa watoto waliozaliwa na wajakazi wa kitumwa. Baba zao ni walewale wa mbele! Ndivyo walivyozoea. Na aliyeandikwa mbele hanyimwi kaburi kwenye shamba la ukoo, kule Rasi.

Mpishi wetu, Sara, chotara wa huko Rasi, alikuwa wa uzao wa kurasa za nyuma. Miaka tisa tulifanya kazi pamoja. Mimi nilimfundisha wali wa nazi, yeye alinifundisha kumjibu Ouma bila kugombana naye.

Mama yake Sara alikuwa mahututi, na ombi lake lilikuwa moja tu: azikwe shambani, alikozikwa bibi yake aliyemlea, enzi watumishi wakizikwa hukohuko. Ouma alikubali! Akasema Jumapili, mbele ya mchungaji na jamaa, ataandika jina la mama huyo upande wa mbele, na majina ya nyuma yatasomwa kwa sauti ili kila mtu ajue anatoka wapi.

Alhamisi Ouma akapigwa na kiharusi. Hakusema tena.

Ijumaa mchana akaja Jacques, mtoto wa kaka yake. Sara alikuwa hospitali kwa mama yake. Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi.

“Halima, nyumba hii inakuwa yangu,” aliniambia kwa upole. Upole ule ulinitisha kuliko makelele. “Chumba cha uani kinaweza kuwa chako mpaka ufe. Au ufungashe leo. Nipe ufunguo.”

Akilini nilimwona binti yangu na mabegi yetu kando ya barabara, kama mara ile. Nikajiambia haya ni mambo ya Wazungu na machotara wao, yananihusu nini? Nikampa!

Alizichana kurasa za nyuma akazichoma bustanini, kwenye jiko la kuchomea nyama. Kitanda cha Ouma kilielekea dirishani. Aliona yote... Siku kumi na moja nilimlisha uji, na siku zote kumi na moja alinikazia macho. Akafa hajayaondoa usoni pangu.

Mama yake Sara alifuata wiki ileile. Jacques alimfunulia Sara Biblia, akamwonyesha nyuma hakuna kitu. “Ushahidi wako uko wapi?” Mama wa watu akazikwa makaburi ya manispaa, mbali na kila aliyemjua.

Nilimdanganya Sara kwamba Jacques alininyang’anya ufunguo kwa nguvu. Akanikumbatia! Akaniuliza kama aliniumiza.

Na chumba changu je? Baada ya miezi miwili Jacques aliuza nyumba. Nilipomkumbusha ahadi, alicheka, akaniuliza nilisaini wapi.

Aliyekuja kunichukua ni Sara. Alikuja na pikapu ya binamu yake, akapakia mabegi yetu mwenyewe. “Eish, dada, mtu mzima halali kwenye robot,” alisema, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani. Mpaka leo naishi kwake Eldorado Park. Binti yangu anamwita mama mkubwa.

Kila Jumapili baada ya kanisa Sara huweka daftari mezani. “Wewe ndiye uliyekuwa ukimfunulia Ouma ile Biblia kila asubuhi,” huniambia. “Kumbuka majina, dada. Hata moja.” Nimekumbuka manne. Yalikuwa zaidi ya thelathini.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Ukitishwa kunyimwa pa kulala, kimbia, omba hifadhi msikitini, kanisani, kwa jirani, popote. Usitoe haki ya mwenzio ili ujisitiri. Na kama umeshatoa, sema mapema, usingoje kama mimi, maana kila siku ya wema wake inaniziba mdomo zaidi.

Jumapili iliyopita Sara alinishika mikono juu ya daftari, akafumba macho, akaomba: “Mungu, mlaani kila aliyesaidia kutufutia watu wetu.” Kisha akanisubiri.

Nikaitikia, “Amina.”